Sarafu ya Mia Mbili

Kibirizi, saa moja asubuhi. Boti imepinduliwa
juu ya matairi mawili ya lori,
tumbo wazi, kama mgonjwa anayengoja sindano.
Bwana Ntahondi anataka jibu fupi:
"Kalya itafika, au haifiki?"

Natoa sarafu ya mia mbili. Nagonga.
Ti. Ti. Ti. Hapa pazima.
Nasogea kiganja kimoja kuelekea tezi.
Ti, ti,
du.

Narudia, maana sikio nalo huzeeka.
Du.

Humo ndani mikeka ya faiba imeachana.
Nje buluu ingali inang'aa, jina bado linasomeka,
ila ndani wamelala kitanda kimoja
kila mmoja amegeukia ukuta wake,
na hakuna ajuaye ni usiku upi walianza.

Napangusa ubavu: unga mweupe mkononi.
Jua la miaka kumi na mmoja limeilamba resini,
nyuzi zinachungulia, zinawasha kama upupu.
Kwenye mkuku kuna malengelenge.
Natumbua moja kwa ncha ya kisu,
yanatoka maji yanayonuka siki.
Ziwa halikuvunja mlango. Liliingia kwa vinyweleo.

"Ni ile dhoruba ya Februari," anasema.
Siyo, bwana. Dhoruba ile ilikuta kazi imeshafanyika.
Ni madumu ya mawese. Ni kuburuzwa mchangani Sigunga,
ni injini inayotetemesha tezi kutwa nzima,
ni vile viwimbi ambavyo hata abiria
haachi kumenya ndizi yake kwa ajili yavyo.
Wimbi kubwa huogopwa. Dogo huzoewa.

Nakohoa. Vumbi la msasa, miaka ishirini na mitatu,
barakoa niliinunua juzi.
Mwezi uliopita, Maweni, daktari kijana
aliweka kidole mgongoni mwangu,
akakigonga kwa kidole kingine, taratibu,
akishuka, akisikiliza.
Mahali fulani alirudia.
Sikumuuliza kwa nini. Naijua kazi hiyo.

Nachora duara kwa chaki. Nalifuta, nachora kubwa zaidi.
Ntahondi analitazama, midomo inahesabu fedha.
"Sasa Mama Gwimo, utakata mpaka wapi?"

Mpaka sarafu iseme ti.