Udongo wa Mkunumbi

Mwaka wa kwanza kule Hindi kunde zangu zilitoka manjano
kama kurasa za msahafu wa nyanya.
Nilipalilia. Nikalaumu jicho la watu.
Shekuwe, shemeji yangu, akaleta gunia la mbolea kwa bodaboda kutoka Mokowe:
"Mmea ni mtoto, mpe ale."
Nikatia mistari minne. Ikanenepa majani, maganda yakawa haba,
na mizizi niliyoing'oa ilikuwa laini, mitupu,
kama shingo ya bibi harusi waliyesahau kumvisha.

Mimi ni wa Langoni. Nimekua nikitunga vikuba,
asmini, mrehani, kipande cha mkadi,
na najua harufu ni barua:
mume huisoma angali dakani,
hajavua viatu.
Sikujua mzizi nao huandika.

Mwanashee, binti wa dada yangu, alikuja likizo
na kioo cha kukuzia mfukoni. Tukachuchumaa.
Kunde ikipungukiwa na naitrojeni, akasema, hailii.
Hutoa uturi chini, gizani,
mwembamba, unaofika upana wa kucha,
na bakteria aliyelala kwenye chembe ya mchanga
huusikia.

Huusikia! Nilicheka.
Basi ndiyo maana sisi twasema kusikia harufu.

Naye hajibu kwa sauti. Hushona sukari tano,
sita, akazitia mkia wa mafuta,
na mkia ukikosea kidogo tu mlango haufunguki.
Kwani mwenye nyumba, huko ndani, anauliza:

Nani abishaye hodi, usiku humu gizani?
Sema neno la ahadi, nikujue u mwandani.
Wengi huja makusudi, wale wasilipe deni.
Ukiwa ni wa miadi, nywele nitakukunjia.

Na unywele wa mzizi hujikunja kweli,
kama kidole kinachosema njoo.

"Mbona zangu hazikujikunja?"
Mwanashee alitazama shamba, msitu uliofyekwa juzi.
"Hizi zimeita. Hapa hakuna wa kabila lao."
"Na zile za Shekuwe?"
"Zile hazikuita kabisa. Aliyeshiba anamwandikia nani barua?"

Nikaenda Mkunumbi kwa Bwanaadi,
aliyepanda kunde pale pale miaka thelathini.
"Watu huja kuomba mbegu," akasema, "wewe waomba mchanga?"
Akanichimbia beseni moja, kando ya mashina.
Nikalifunika kwa leso yenye maji, jua lisiwaue,
nikaenda nalo mapajani njia nzima
kama mtu anayebeba mgonjwa.
Nilichanganya na uji wa muhogo, nikazipaka mbegu,
nikapanda jioni ile ile.

Wiki ya sita niling'oa shina moja, kwa huruma.
Vifundo! Vidogo, vimeshikana na mzizi
kama mkufu uliofungwa kwa haraka.
Nikapasua kimoja kwa ukucha wa gumba:
ndani wekundu mwororo, ufizi wa mtoto.
Mwanashee alikuwa ameniambia: ukiona nyekundu, wanafanya kazi,
wanapewa sukari, wanalipa.

Nilipeleka vidole puani.
Mchanga. Mchanga tu, na umande.
Niliyefundishwa harufu tangu sijaota meno
sikusikia kitu,

wala haikuwa barua yangu.
Nikaurudisha mzizi shimoni, ingawa nilijua umekwisha,
nikaufukia.