Mori

Alhamisi, Ganjoni, ghorofa ya pili,
juu ya duka la betri za magari.
Meza ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa.
Tundu la kitasa lingalipo, karibu na kiwiko changu.
Punje ya mbaazi ni shilingi kumi,
haragwe ni hamsini,
kokwa la tende, mia mbili,
na Pinto, aliyestaafu forodha,
huzihesabu kokwa mara mbili, kwani yupo mtu
aliyewahi kuja na tende zake mfukoni.

Mimi uso naujua kuufunga.
Miaka kumi na moja kwenye mizani ya malori Kilindini:
dereva anililia, wakala anitisha,
nami natazama namba tu.
Hata nikipewa ree mbili, nyekundu na nyeusi
(furaha ndiyo mbaya zaidi, ina kiherehere, hukaa kwenye nyusi),
huifungia kinywani kama peremende ya tangawizi
nikaiacha iyeyuke.
Uso, basi, si tatizo.
Hakuna aliyeniambia kwamba mori hauanzii usoni.

Usiku ule nilikuwa na ree mbili, na ya tatu mezani.
Mwakio, saba mbili, na ya tatu mezani.
Katika karata zote zilizobaki ilimfaa moja,
moja tu, saba ya uru.
Msellem akaifunua ya mwisho taratibu,
kama mtu achunguliaye chungu kuona kama wali umeiva.
Saba.
Ya uru.

Nikasema, "Umecheza vyema." Sauti shwari.
Mwakio angenyamaza tu, ningelala usingizi.
Lakini alisema, "Pole, Famau,"
pole ileile ya msibani, na mkono begani,
huku mkono wa pili wazoa kokwa zangu.

Hapo. Ulianzia unyayoni,
kama siafu mmoja aliyepotea njia,
akaita wenziwe.
Magotini. Mapajani.
Masikio yakapata moto.
Hasira hasara, naijua; tangu utotoni
nimeisoma kiunoni mwa mama akipepeta mchele,
herufi nyeupe kwenye leso ya zambarau.
Lakini leso haikusema hasara huja lini.
Huja mkono unaofuata.
Mbili na saba, karata za kutupa:
nikaweka kokwa tatu.
Nikaweka sita.
Sikuwa nacheza karata tena, nilikuwa namcheza Mwakio,
nataka airudishe ile pole mdomoni mwake.

Saa sita na robo nikateremka ngazi
bila pesa ya maji.
Tangi la nyumbani tupu, wiki ya pili,
na Saumu amepanga mitungi sebuleni hadi mlangoni.
"Gari la maji laja asubuhi?"
Nami, uso uleule wa mizani:
"Laja."

Kuna Kadzo, auzaye bima,
ambaye zamani nilimcheka.
Akipigwa vibaya husema, "Nirukeni,"
huchukua kikombe chake, huenda roshanini,
hurudi baada ya mikono miwili, mitatu.
Nilidhani ni woga. Nilidhani avuta sigara.

Juzi Mwakio kanipiga tena, na ghulamu, jambo la kipuuzi.
Siafu wa kwanza akaja. Wa pili.
Walipofika gotini nikafungua kinywa,
na neno lilikuwa zito kuliko kokwa zote za meza ile:
"Nirukeni."

Roshanini Kadzo alikuwa ametangulia,
viwiko juu ya chuma, macho chini njia panda,
midomo yasogea bila sauti.
Sikumuuliza.
Lori la saruji likapinda. "Kumi na tisa," akasema,
akajisogeza, nikapata pa kuegemea.
Nyuma yetu karata zikachanganywa, mtu akacheka.
Mguu wangu ungali watetemeka.
Tukangoja.
Likaja gari la maji, limejaa pomoni, lavuja njia nzima.
"Ishirini," nikasema.