Nafasi Mbili

Mama Ndelwa anapiga simu mara ya tatu
kutoka Mtaa wa Mchikichi, cherehani zikinguruma nyuma yake:
"Binti, daftari langu linasema elfu tano,
mashine yako inasema elfu kumi.
Tangu lini elfu tano ikashika mimba usiku?"

Nami niko Kijitonyama, ghorofa ya tatu,
feni inahamisha joto kutoka kona hii kwenda ile,
na mbele yangu mistari elfu nne ya kumbukumbu
yote imebanana ukutani, bega kwa bega:

napokea mchango
nakagua salio
natuma
nakagua salio
natuma
napokea mchango

Nani kamwita nani? Nani yumo ndani ya nani?
Mstari haujibu. Umenyooka tu,
kama shahidi aliyefundishwa.

Kishimba, anayekula mihogo juu ya kibodi yangu,
akasema, kinywa kimejaa: "Wape adabu ya nyumba.
Anayeingia apige hodi, asogee nafasi mbili kulia.
Anayetoka aage, arudi alikotoka."
Sikumjibu. Nilikuwa nafuta chumvi yake kwenye vitufe.
Lakini niliandika.

hodi, napokea mchango
  hodi, nakagua salio
  kwaheri, nakagua salio
  hodi, natuma
    hodi, nasubiri mtandao
    kwaheri, nasubiri mtandao
  kwaheri, natuma
kwaheri, napokea mchango

Kumbe ilikuwa nyumba muda wote huu!
Sebule ina chumba, chumba kina kabati,
kabati lina bahasha, na bahasha imefungwa vizuri.
Mia mbili waliingia wakatoka mbele ya macho yangu,
kila mmoja nikamshuku, kila mmoja nikamwomba radhi.
Kosa haliitwi likaja. Linangojwa.
Nikanunua chipsi. Nikangoja.

Jumatano, saa tatu na dakika kumi na nne usiku,
mtandao ukazimika Kariakoo:

hodi, napokea mchango
  hodi, natuma
    hodi, nasubiri mtandao
      hodi, najaribu tena
        hodi, napokea mchango

        Elfu tano ileile, ya fundi yuleyule,
        imepita mlangoni ikiwa tayari imeketi ndani.
        Na yule anayesubiri mtandao
        hakuaga. Mpaka leo hajaaga.
        Alizimikiwa taa akasahauliwa chumbani,
        na wote waliokuja baada yake,
        wa alfajiri, wa saa mbili asubuhi,
        wanaanzia hapa, mbali na ukuta,
        wakidhani hapa ndipo barazani.

        Ningeusoma ule ukuta wa kwanza mwezi mzima
        nisimwone. Kilichomtaja si neno.
        Ni weupe ulio mbele ya neno.

        Nikaongeza mstari mmoja: hata ukishindwa, aga.
        Na mwingine: fedha ina jina lake,
        ikirudi mlangoni, iulize jina kwanza.
        Nikamtumia ujumbe Mama Ndelwa. Akajibu, "Tutaona."

        Chini, getini, Ngwale mlinzi kaniwekea mkono:
        "Dada, jana hukusaini kutoka."
        Akageuza daftari, kidole kwenye jina langu.
        "Kwa kitabu hiki bado uko juu.
        Na leo asubuhi umeingia tena.
        Sasa mko wawili."

        Sikucheka mara moja.
        Nikachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi,
      nikaandika saa ya jana, ya kukisia,
    nikaandika saa ya leo,
  nikasaini mara mbili, wa jana kisha wa leo.

"Kwaheri, Ngwale," nikasema.