Mengineyo

Fundi Chengo ameniachia karatasi ya daftari,
mistari sita kwa kalamu ya bluu,
na chini kabisa, amepigia mstari mara mbili:
elfu ishirini na nane.

Kwa chumba kimoja!
Futi kumi kwa kumi na mbili, hapa Majengo,
chumba cha marehemu mama,
ambacho lipu yake inabanduliwa na chumvi
kama samaki anayeparwa magamba yungali hai.

Jana alikuja mwingine, kijana wa Mishomoroni.
Alichungulia mlangoni, kofia ya pikipiki kichwani:
"Mama, kumi na moja. Kesho kutwa tumemaliza."
Kumi na moja! Moyo ukamkimbilia.
Na shemeji Badi akatia chumvi yake:
"Mchukue huyo. Chengo amekuona mjane."

Lakini mimi ni mshonaji.
Bei naijua kwa upande wa ndani,
pale kwenye mapindo.
Miaka kumi na tisa nyuma ya cherehani naambiwa,
"Elfu mbili kwa gauni? Na kitambaa nimeleta mwenyewe?"
kana kwamba uzi huota kwenye ncha za vidole vyangu.

Basi nikaishusha tepu shingoni,
nikaupima ukuta kama bibi harusi:
mabega, kiuno, urefu mpaka darini.
Nikatoa mlango. Nikatoa dirisha.
Nikaenda kuuliza saruji, mifuko sita,
nikauliza mchanga, wa mto, si wa pwani,
na mkokoteni wa kuuleta.
Kibarua siku nne. Mkono wa fundi.
Nikajumlisha nyuma ya boksi la vifungo:
ishirini na nne, na mia chache.

Pengo lilikuwa mstari wa sita,
kwa mwandiko mdogo kuliko mingine:
*mengineyo, elfu nne.*

Neno hilo lina mfuko mpana kuliko wa kanzu.
Nikapiga simu.
"Fundi, huyu Mengineyo ni nani?"

Hakukasirika. Alikuja baada ya alasiri,
akaugonga ukuta kwa mpini wa mwiko:
hapa *ko*, hapa *ko*, hapa *bwo*.
"Unasikia? Pana uwazi. Wa kumi na moja
atampaka maiti wanja.
Mimi nabandua mpaka nilione jiwe.
Kisha lipu hunyweshwa, mama, asubuhi na jioni,
siku saba, la sivyo itapasuka.
Natoka Bombolulu. Hesabu nauli."

Nilinyamaza.
Nilikuwa nayahesabu mengineyo yangu,
ambayo sijawahi kumwandikia mteja:
sindano zilizovunjika,
umeme unaokatika usiku wa kuamkia Idi,
jicho langu la kushoto.

"Maji nitamwaga mwenyewe," nikasema. "Toa elfu tatu."
"Mbili."
"Mbili na mia tano, na chai yenu juu yangu."

Akacheka. Akafungua kipande cha gazeti,
ndani yake mchanga, gao moja.
Akachovya kidole, akalamba,
akanisogezea na mimi.
Mwanamke mzima nikaulamba mchanga kibarazani,
majirani wakitazama.
Haukuwa na chumvi.

Badi bado anasema nimepunjwa.
Huenda. Elfu moja labda, sijui,
na yeye tangu aseme hajaleta hata ndoo.

Leo ni siku ya tano.
Alfajiri, kabla sijaifunua cherehani,
nasimama na kopo mbele ya ukuta,
namwaga kutoka juu, polepole,
nasikia unavyoyavuta maji.
Kisha nakunja kidole, nabisha:
hapa, na hapa,
na pale kilipoegemea kitanda cha mama.

*Ko*, unaitika.
*Ko.*