Somo wa Marehemu

Seva ya saba ilikufa Jumanne, saa kumi alfajiri,
bila moshi, bila mlio.
Taa yake ya kijani ikawa ya kahawia, kisha haikuwa taa.
Nje, Kajaani, kipimajoto kilisoma ishirini na sita chini ya sufuri,
na mto ulikuwa umeganda mpaka daraja la reli.

Ukumbi huu zamani ulikuwa kinu cha karatasi.
Hata leo, siku za unyevu, kuta hunuka rojo la msonobari,
kana kwamba nazo hutunza nakala.

Tulileta chuma kipya, mimi na Hilkka,
kwa toroli lenye gurudumu bovu.
Diski kumi na mbili, tupu kama sahani za kabatini.
Hilkka alivua glavu, akapulizia vidole,
akaandika jina la marehemu.
Si jina tu. Na ile namba ndefu ya utambulisho,
herufi na tarakimu thelathini na mbili,
ambayo wenzake wawili, ya nne na ya kumi na moja,
walikuwa bado wakiiita
kila sekunde chache
na hakuna aliyeitika.

"Wasipoisikia namba hiyo," alisema,
"watamwona mgeni. Mgeni hapewi kitu."

Nikawasha.
Zikaitikiana.

Hapo ndipo mkono wangu uliponisaliti.
Amri ilikuwa tayari kwenye skrini, na mimi
nilikuwa nimeigeuza: toka ya saba, kwenda ya nne.
Hilkka alinishika kifundo cha mkono
na hakukiachia mpaka nilipoondoa kidole.

Debe tupu, wasema, haliachi kuvuma.
Hili halikuvuma. Lilikaa safi, lina jina, lina namba,
na lingeulizwa, "Una nini?"
lingejibu kwa uaminifu wote, "Sina kitu,"
na wenzake, kwa heshima ya jina,
wangefuta walichonacho ili wafanane nalo.

Walichonacho: picha za mimba kutoka zahanati ya Sotkamo,
vivuli vya watoto ambao sasa wanaendesha pikipiki za theluji;
ramani za misitu, nyingine za misitu isiyokuwepo tena;
sauti ya mama mmoja wa Kuhmo akiwaita ng'ombe wake kwa majina,
kumi na tisa,
na baada ya wa saba anakohoa.

Nikaandika upya, polepole, nikisoma kwa sauti:
toka penye kitu, nenda pasipo kitu.

Asilimia tatu. Tukanywa kahawa. Asilimia nne.
Muuguzi fulani, mbali huko, alifungua picha moja
na picha hiyo ikaruka foleni, ikapona kabla ya zamu yake.
Kinachoulizwa hupona kwanza.
Sikulijua hilo. Nililiandika kwenye kiganja.

Faili moja iligoma.
Ya nne ilisema barafu ya ziwa iliondoka tarehe tisa Mei;
ya kumi na moja ikasema kumi na moja.
Shahidi wa tatu ndiye tuliyemtoa kwa toroli.
Hilkka alimpigia simu Saimi Heikura, aliyepima barafu mwaka ule,
akamwamsha.
"Kumi na moja," ikajibu sauti yenye usingizi.
"Tisa niliandika kwa haraka, nikasahihisha.
Siku ile ya kumi na moja mbwa wangu alitumbukia."
Akakata simu.
Tukaweka kumi na moja.

Kiti ninachokalia kilikuwa cha Pirkka.
Simu yake bado inalia mezani kwangu; watu husema, "Pirkka?"
nami naitika, kisha naeleza.
Hawakati. Hunisimulia alivyofanya yeye,
kila mmoja kipande, na vipande vingine vinapingana.

Saa mbili asubuhi zamu ilikwisha kwenye asilimia sitini na moja.
Nilivaa koti, nikavuta mlango wa magharibi. Haukufunguka.
"Kwa bega," alisema Hilkka bila kugeuka. "Pirkka aliusukuma kwa bega."

Nikausukuma kwa bega.