Mikia ya Herufi

Baba alipokwenda Ireland kujenga madaraja ya watu
alituachia vitu viwili juu ya kabati:
kikokotoo chake cha kuchora grafu
na kichapishi kidogo, saizi ya nusu mkate.

Bibi Bronė hakujali grafu.
Kwake mstari uliopinda ni mstari uliolewa.
Ila Januari ile, Panevėžys, ghorofa ya tano,
mabomba ya joto ukutani yalikuwa baridi kama pua ya mbwa,
na kampuni ilitaka malalamiko yaliyopigwa chapa.
Mwandiko wa mkono hawausomi.
"Hicho kidude cha baba yako," akasema, "kinajua herufi?"

Kinajua, Bibi. Kwa shida.
Kila kitufe kina herufi pembeni, ndogo kama kiroboto.
Unabonyeza cha kuiita, kisha yenyewe,
unaita tena, unabonyeza tena,
na sentensi inakwenda kama mtu mwenye kiatu kimoja.
Nikaandika programu, hatua kumi na moja:
hesabu herufi ishirini na nne, kata, shuka, hesabu.
Haikujua silabi. Haikujua aibu.
Ilimkata Bibi jina: BRO huku, NE kule.

Naye, blanketi mabegani, akinisomea ya kuandika:
"Sema nimelipa. Weka tarehe.
Sema maji ya maua yameganda dirishani.
Futa 'tafadhali' ya tatu. Mbili zinatosha."

Saa nne usiku nikaviweka uso kwa uso mezani,
bila waya. Kimoja husema kwa mwanga usioonekana,
kingine husikia. Bibi akapitisha mkono katikati
kama anayetafuta upepo kwenye ufa wa mlango,
na mstari wa sita ukatoka nusu.
Tukaanza upya. Krr, krr.
Karatasi ile haitaki wino;
kichwa cha mashine huiunguza kidogo tu, pale penye herufi.
Ikashuka nyembamba, upana wa vidole vitatu,
ikafika sakafuni, paka akaikalia.

Bibi akavaa miwani. Akanyamaza.
"Herufi zangu ziko wapi?"
Kikokotoo hakikuzaliwa kwetu.
Hakina e yenye nukta, wala a yenye mkia, wala s yenye kofia.
Šiluma, neno letu la joto,
lilisimama kichwa wazi kwenye baridi.
Basi akachukua kalamu ya bluu, akaanzia juu,
mkia, nukta, kofia, mkia,
kama mtu anayewavisha watoto wa shule asubuhi.
Akaivisha na nakala yetu, usiku uleule.

Ofisini, Bi. Danguolė aliipokea kwa ncha za vidole.
"Hii ni risiti ya duka."
"Ni barua," Bibi akasema. "Nyembamba, tunabana matumizi."
Ikapigwa muhuri, ikawekwa kando ya dirisha
juu ya bomba lao, lililowaka kama tanuri.
Kesho yake tulikuta utepe mweusi tititi.
Barua ya kuomba joto, joto limeimeza.

Sijawahi kumwona Bibi akicheka vile mbele ya mtu wa ofisi.
Nikatoa kikokotoo mfukoni. Barua ilikuwamo bado,
betri zikipumua kwa taabu.
Krr, krr, juu ya meza yao, kati ya majalada.
Na Bi. Danguolė, bila kuambiwa,
akatafuta kalamu.

Fundi alikuja Machi,
barafu ya mto Nevėžis imeshapasuka.

Nakala yetu ilikaa ndani ya kamusi.
Jana nimeifungua: herufi zote zimefifia,
utepe mweupe pepepe.
Zimebaki alama za bluu, kila moja mahali pake,
nami nazifuata kama nyayo thelujini:
hapa amelipa. Hapa maua.
Hapa kofia ya "tafadhali" ya kwanza, hapa ya pili,
na hapa, pasipo kitu,
ile ya tatu.