Namba Nne

Mlima nimeupa mgongo.
Wenye kuupiga picha wapo, na lenzi ndefu kuliko mkono wangu.
Mimi nimeshuka Kahe kumngoja Namba Nne,
kichwa cha umeme cha machimbo ya chokaa,
kifupi, cha njano iliyobabuka.
Hakitoi moshi, hakipigi honi,
ni ule mkono wake wa juu tu ukikwangua waya,
kama mtu anayeparua ukoko wa sufuria.

Siku tatu nimekosa.
Jumatatu umeme ulikatika, kikalala relini
na mabehewa kumi na moja ya mawe.
Jumanne vumbi.
Jana mlinzi, Ndelilio, akaweka kiganja mbele ya kamera:
"Huoni kibao?"
Kibao nakiona. Herufi zimeliwa na jua,
zimebaki MARUFU.

Leo cheche ya bluu imeruka kwenye kiungo cha waya
na kidole kikawahi.
Nimeipata, na chini yake, dirishani,
mama Aikaruwa, dereva,
anapiga chafya.

Ndelilio huyo, mbio. Nikapapasa uongo mfukoni.
Akaitazama picha kwenye kioo,
akaikuza kwa vidole viwili, akanyamaza.
"Huyu ndiye Namba Nne?
Miaka tisa namfungulia geti, sijamwona hivi."

Kisha, kwa sauti ya chini,
akifunga kifungo cha shingoni:
"Paspoti saizi, nne, ni bei gani?"